Samaki wa Madimbwi na Elimu ya Uzee

Chini ya mlima Hanang, ambao kilele chake kimepita mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, kuna tambarare iitwayo Balangdalalu, kata mojawapo ya wilaya ya Hanang katika mkoa wa Manyara. Na katika nchi hiyo liko ziwa Balangida Lelu, ziwa la magadi lisilotoa mto hata mmoja kwenda baharini, ambalo hutanuka mvua zinapokuwa na neema na hunywea kiangazi kinapokaza, hata ufuko wake ukabaki mweupe kwa chumvi. Wabarabaig, ambao wamechunga ng'ombe katika nchi hiyo tangu enzi za mababu, wanajua kwamba mvua za huko zina msimu mmoja tu, huanza Novemba au Desemba na kukoma Mei. Kwamba katika msimu huo mabonde ya udongo mweusi hugeuka madimbwi. Na kwamba dimbwi lolote, hata likiwa kubwa kiasi cha kunywesha kundi baada ya kundi, ajali yake haiko mbali. Mgeni apitaye Septemba, akaona ardhi imepasuka na vumbi linatimka, ataapa kwamba katika nyanda za namna hii hakuwezi kuishi samaki asipokuwa wa mtoni au wa ziwani. Kiapo chake kitakuwa cha uongo, ingawa si kwa kosa lake.

Tarikhi ninayokusudia kuisimulia ni ya samaki wa madimbwi ya namna hiyo, na ya mwenzao mmoja wa Bara Hindi, na ya jinsi walivyoingia katika vyumba vya maabara vya Ulaya na Marekani ili wanadamu wajifunze kwao sababu ya uzee na siri za tabia. Wanaoizungumza elimu hii aghalabu humtaja yule wa Bara Hindi peke yake, yaani samaki pundamilia, mwenye milia ya buluu ubavuni. Sifa zake ni za haki, nami nitazitaja mahali pake. Lakini kumtaja yeye bila wa kwetu ni kusimulia nusu ya habari, na nusu inayoachwa ndiyo iliyo karibu zaidi na neno lenyewe la uzee.

Kati ya mwaka 1892 na 1895 alizunguka Afrika ya Mashariki kijana mmoja wa Kijerumani, Oscar Neumann, mzaliwa wa Berlin wa mwaka 1867, akipiga ndege, akitega wanyama na kutia samaki katika chupa za spiriti. Njia yake ilipita Irangi na ziwa Manyara, kwa maana hiyo nchi ya Hanang ilikuwa katikati ya mapito yake. Shehena ilipofika Berlin, samaki walikabidhiwa Franz Hilgendorf, mtaalamu wa jumba la makumbusho la viumbe, mtu aliyepata kusomesha Tokyo katika miaka ya 1870 na ambaye jina lake linakumbukwa na wanaosoma makombe ya kale ya konokono. Hilgendorf alifariki mwaka 1904, na maelezo yake juu ya samaki wa Afrika ya Mashariki yakapigwa chapa mwaka uliofuata, ilhali mwandishi yuko kaburini. Ndani yake mna samaki wawili wanaotuhusu. Wa kwanza ni perege wa maji ya magadi, ambaye leo huitwa Oreochromis amphimelas, mkazi wa Manyara na Eyasi na maziwa mengine ya chumvi ya ukanda ule, ambaye hustahimili maji yanayoweza kuua samaki wengine wengi. Wa pili ni kisamaki cha urefu wa kidole, kilichopewa jina la aliyekikusanya, Nothobranchius neumanni, nacho huishi katika madimbwi ya msimu ya nyanda za kati za Tanzania.

Neumann mwenyewe alikuwa Myahudi. Mwaka 1941, akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, aliikimbia nchi yake, akapitia Kuba, akafika Chicago, akafanya kazi katika jumba la makumbusho la mji huo hata alipofariki mwaka 1946. Nalitaja jambo hili kwa kuwa mkimbizi wa pili atatokea mbele katika habari hii, naye pia ni wa samaki.

Ukoo wa Nothobranchius ulikuwa umekwisha kujulikana kwa wataalamu kabla ya safari ya Neumann. Wilhelm Peters alimweleza mmoja wao mwaka 1844, kutoka Quelimane katika Msumbiji; na mwaka 1893 Georg Pfeffer wa Hamburg akamweleza samaki wa Unguja, aliyekusanywa na Franz Stuhlmann mwaka 1888 na 1889, siku ambazo Sayyid Khalifa bin Said alikuwa juu ya kiti cha enzi cha Zanzibar. Pfeffer alimpa samaki huyo jina la Albert Günther, mtaalamu wa samaki katika makumbusho ya London, na hivyo kiumbe wa madimbwi ya Unguja leo huitwa Nothobranchius guentheri. Hivi sasa aina zinazotambuliwa katika ukoo huo zimezidi 70, zimetawanyika kutoka Sudan hadi Afrika ya Kusini, na hakuna nchi iliyojaliwa nyingi kuliko Tanzania: wamo Bagamoyo, wamo Rufiji, wamo Kilombero, wamo Mafia, na wamo Ugogo ambako msafiri hudhani hata chura hapati maji ya kutosha.

Yafaa tumtazame kwa karibu huyu wa Unguja, maana ndiye mzuri wa sura na habari zake zimepata kuandikwa kwa muda mrefu. Dume ana urefu wa sentimita nne au tano. Magamba yake ni ya samawati iliyochanganyika na kijani, kila gamba limetiwa ukingo mwekundu, na mkia ni mwekundu wenye pindo jeusi. Jike ni wa rangi ya matope tu, wala hana pambo. Dume akimwona jike humwandama, akakunjua mapezi yake yote, akamfunika mgongo kwa pezi la juu na kumkandamiza mpaka wote wawili wagusane na tope la chini. Hapo miili yao hutetemeka kitambo kidogo, na jike hutaga yai moja, moja tu, likazikwa tope kwa pigo la mapezi. Kisha huachana, wakarudia tena hatua chache mbele. Hivyo ndivyo wanavyofanya kila siku, tangu balehe hadi maji yanapokwisha.

Maji yakikauka wazazi hufa wote, bila kubaki hata mmoja wa kuwasimulia watoto. Mayai hubaki katika tope linalogeuka udongo, yakikingwa na ganda gumu, na ndani yake kiinitete hufanya jambo ambalo viinitete vya samaki wengi havilijui: husimama. John Wourms, aliyechunguza samaki wa mwaka, yaani wa madimbwi yakaukayo kama hawa wetu, wa Amerika ya Kusini na kuchapisha habari zake mwaka 1972, alionyesha kwamba usingizi huo una vituo vitatu, navyo vimeonekana kwa samaki wa Afrika vilevile: cha kwanza kabla mwili haujachukua umbo, cha pili wakati moyo na macho yamekwisha kuonekana, na cha tatu mtoto akiwa kamili, anangoja maji tu. Wala mayai yote hayaamki kwa mvua ya kwanza. Baadhi huamka, na baadhi huendelea kulala hata msimu mwingine, kwa kuwa mvua ya kwanza huweza kuwa hadaa ya siku tatu. Mfano wa tajiri wa pwani asiyetia mali yake yote katika jahazi moja. Mvua ya kweli ikishuka, watoto hutoka mayaini kwa muda wa saa chache, wakaanza kula na kukua kwa pupa ambayo haina kifani miongoni mwa wenye uti wa mgongo.

Watu wa kwanza kuwaona samaki hawa kuwa na faida hawakuwa wakitafuta dawa ya uzee. Mwaka 1941 F. L. Vanderplank, mmoja wa wataalamu waliokuwa wakipambana na mbung'o katika Tanganyika, aliandika katika jarida la matabibu wa Afrika ya Mashariki kwamba samaki wa Nothobranchius na wenzao fulani wa kienyeji wanafaa kutumiwa dhidi ya malaria, maana hula viluwiluwi vya mbu, na hukaa katika madimbwi yaleyale ambamo mbu hutaga. Rai hiyo ilikuwa njema, kwa kuwa samaki wa kigeni waliokuwa wakiletwa kwa kazi hiyo hufa dimbwi likikauka na hulazimu kuletwa upya, ilhali huyu wa kwetu huacha mbegu yake ardhini. Baada ya vita ilikuja dawa ya DDT, ikawa ndiyo tegemeo la kuua mbu, na samaki wa Vanderplank wakaachwa katika kurasa za jarida.

Na tumwache mwenyeji kwa muda, tumwendee mgeni. Samaki pundamilia, Danio rerio, alielezwa mwaka 1822 na Francis Hamilton, tabibu wa Kiskoti aliyeitumikia Kampuni ya Uhindi ya Mashariki huko Bengali na kuandika kitabu juu ya samaki wa mto Ganga. Ni samaki wa vijito na mashamba ya mpunga, urefu wake sentimita tatu au nne, hana tabu ya chakula wala ya maji. Wafugaji wa samaki wa mapambo walimpenda, na kutoka katika majumba yao akaingia katika elimu: mwaka 1934 Charles Creaser wa Marekani aliandika jinsi ya kumtunza ili yapatikane mayai ya kuchunguza chini ya hadubini. Mayai hayo hurutubishwa nje ya mwili wa mama, nayo ni maangavu kama kioo, hata mtazamaji akiketi nayo mchana mmoja na usiku mmoja huona seli moja ikigawanyika, mgongo ukijikunja, na moyo ukianza kupiga. Hakuna mnyama anyonyeshaye anayemruhusu mwanadamu kuona hayo bila kisu.

Aliyemtawaza samaki huyu ni mkimbizi wetu wa pili. George Streisinger alizaliwa Budapest mwaka 1927, na akiwa bado mtoto wazazi wake walihamia New York kuikimbia dhuluma iliyokuwa ikiwaandama Wayahudi wa Ulaya. Alijifunza elimu ya urithi kwa kuchunguza virusi vinavyoshambulia bakteria, kazi iliyompa sifa. Lakini alipokwisha kutulia katika Chuo Kikuu cha Oregon, mji wa Eugene, alitamani kujua namna jeni zinavyojenga ubongo, na virusi havina ubongo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akachagua samaki pundamilia, ambaye hununuliwa dukani kwa bei ya chini, na zaidi ya mwongo mmoja ukapita kabla hajachapisha neno kubwa juu yake. Watu wa nyakati zetu, wanaodaiwa makala kila mwaka, nadhani wasingevumiliwa hivyo.

Hila aliyoigundua ni hii. Mbegu ya dume huangaziwa miale ya urujuanimno mpaka urithi wake ukaharibika, ingawa ingali na uwezo wa kuliamsha yai. Yai likiamshwa na mbegu ya namna hiyo huanza kukua likiwa na urithi wa mama peke yake, nao ni nusu ya unaohitajika. Hapo yai huwekwa chini ya shinikizo kubwa la maji, au hutiwa joto kwa muda mfupi, ili mgawanyiko mmoja uzuiwe na nusu ile ijirudufu. Samaki anayetoka katika yai hilo hana baba, na nakala mbili za kila jeni yake ni sawasawa. Na watoto watakaotoka kwake kwa hila hiyohiyo watakuwa pacha wote, samaki mmoja katika miili mingi. Kwa kuwa katika samaki wa namna hiyo hakuna nakala nzuri inayoificha mbovu, kasoro yoyote ya jeni hudhihirika. Makala ya jambo hilo ilitoka mwaka 1981 katika jarida la Nature. Streisinger alikufa mwaka 1984 akizamia chini ya maji, bado hajatimiza miaka sitini. Mwenzake Charles Kimmel na wengine wa Oregon wakaiendeleza kazi, wakiwagawia wote walioomba samaki na maarifa bila kuficha kitu, na nionavyo mimi ukarimu huo ulimweneza samaki pundamilia duniani kuliko hila yenyewe.

Yaliyofuata nayapita upesi. Christiane Nüsslein-Volhard huko Tübingen, aliyepata Nishani ya Nobel mwaka 1995 kwa kazi ya nzi, alijenga nyumba yenye matangi kwa maelfu, na pamoja na Wolfgang Driever wa Boston wakatafuta samaki wenye kasoro za jeni mmoja baada ya mmoja. Matokeo yao yalijaza toleo zima la jarida la Development mwezi Desemba 1996. Mwaka 2013 jenomu ya samaki pundamilia ikachapishwa, na ikaonekana kwamba jeni saba katika kila kumi za mwanadamu zina jamaa zao ndani ya samaki huyu.

Katika mambo ya tabia alionekana kuwa msema kweli. Mtie katika tangi asilolijua: atazama mpaka chini, atajibanza, na ndipo kidogo kidogo atathubutu kupanda juu, na muda anaokaa chini ni kipimo cha hofu yake, ambacho hubadilika akipewa dawa za kutuliza wanazopewa wanadamu. Hulala usiku na kukesha mchana. Mwaka 2008 Irina Zhdanova na wenzake wa Boston walionyesha kwamba kadiri samaki pundamilia anavyozeeka usingizi wake hupungua na uwezo wake wa kujifunza hudhoofu, jambo ambalo mzee yeyote wa Balangdalalu aamkaye saa tisa za usiku bila sababu angelifahamu bila kuelezwa.

Lakini hapa ndipo penye ila yake. Samaki pundamilia akitunzwa vyema huishi kwa wastani miaka mitatu na nusu, na wako waliofikia mitano na nusu. Mwanafunzi anayetaka kujua kama chakula fulani kinarefusha maisha ya samaki huyo ataingia chuoni kijana, na atakapokwisha kuwahesabu wafu wake atakuwa amemaliza ruzuku, na huenda na ndoa. Panya naye hukaribia miaka mitatu. Nzi na minyoo huishi wiki chache, ila hawana uti wa mgongo wala damu ya kufanana na yetu. Elimu ya uzee ilimhitaji mnyama mwenye mifupa, moyo na ubongo, ambaye uzee wake humjia upesi. Na mnyama huyo hakupatikana Ganga.

Kabla ya kumrudia, sina budi kusema neno juu ya samaki mwingine wa kwetu, maana tabia haikusomwa kwa pundamilia peke yake. Ziwa Tanganyika lina samaki aitwaye Astatotilapia burtoni, aliyeelezwa na yuleyule Günther mwaka 1894 na kupewa jina la Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858. Russell Fernald, mtaalamu wa Marekani aliyeanza kazi hii Ulaya na kuiendeleza Stanford, aliona kwamba madume ya samaki huyu yamo katika hali mbili: wachache ni masultani, wenye rangi kali na mstari mweusi usoni, wenye milki na wake, wengi ni raia wenye rangi ya mchanga, wanaojifanya majike ili wasipigwe. Sultani akiondolewa, raia mmoja hugeuka rangi kwa muda wa dakika, na baadaye hata seli za ubongo wake zinazotawala uzazi hukua. Mwaka 2007 Fernald na wanafunzi wake walitoa habari iliyowashangaza wengi: samaki aliyekaa nyuma ya kioo akiwatazama wenzake wakipigana, akajua wa kwanza amemshinda wa pili na wa pili amemshinda wa tatu, huweza kukadiria cheo cha wawili ambao hakupata kuwaona wakikutana, akamkaribia aliye dhaifu. Samaki wa Kigoma ana hesabu zake.

Turudi kwenye uzee. Roy Walford wa Los Angeles, pamoja na R. K. Liu, walikuwa wa kwanza kuona kwamba samaki wa mwaka wanafaa, na mwaka 1966 walitangaza kwamba samaki wa Amerika ya Kusini wa ukoo wa Cynolebias, wakiwekwa katika maji yenye ubaridi zaidi, hukua zaidi na huishi zaidi. Miaka sita baadaye, huko New York, Jules Markofsky na Alfred Perlmutter walichukua samaki wa Unguja na kupima uhusiano wa umri wa balehe na urefu wa maisha ya madume. Samaki wa Unguja huishi katika tangi mwaka mmoja na zaidi kidogo. Ni haraka kuliko pundamilia, lakini bado si haraka ya kutosha, na kazi hiyo ikafifia.

Aliyeifufua alitoka kusini. Mwaka 1968 Mmarekani Richard Furzer alikusanya samaki katika dimbwi la Gonarezhou, pembe ya kusini mashariki ya nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mwaka 1971 R. A. Jubb akamwita samaki huyo Nothobranchius furzeri. Kwa zaidi ya miaka thelathini uzao wa samaki wale haukukaa katika chuo chochote: ulilindwa na wafugaji wa mapambo, watu wenye kazi zao nyingine, ambao waliyakusanya mayai katika mboji yenye unyevunyevu, wakayafunga katika mifuko na kutumiana kwa posta, kizazi baada ya kizazi. Wafugaji hao walijua kwamba samaki huyu hufa upesi mno. Mwaka 2003 Stefano Valdesalici na Alessandro Cellerino wa Italia wakalipima jambo hilo kwa utaratibu, wakatangaza kwamba nusu ya samaki wa Gonarezhou walikufa kabla au katika wiki ya tisa, na hakuna aliyevuka wiki ya kumi na mbili. Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo, kati ya waliokuwa wakifugwa katika maabara wakati huo, aliyekuwa na maisha mafupi hivyo.

Na uzee wake ni uzee kweli, si kifo cha ghafla. Rangi hupauka, mgongo hupinda, mwendo huwa mzito, uzazi hupungua, uvimbe huota katika ini. Dario Valenzano, aliyekuwa mwanafunzi wa Cellerino, alimfundisha samaki huyu kwamba taa nyekundu ikiwaka lazima avuke upande wa pili wa tangi, la sivyo atasumbuliwa kwa kijiti. Wa wiki tano walijifunza, wa wiki tisa walishindwa. Aliwalisha wengine resveratroli, kitu kipatikanacho katika ngozi ya zabibu nyekundu, wakaishi zaidi na akili zao zikadumu. Na makala yake ya mwaka 2006 ikawafurahisha wauza vidonge kuliko ilivyowastahiki, maana samaki hajawa mtu, na majaribio ya baadaye juu ya wanadamu hayakuleta maisha marefu. Mwaka 2017 yeye na wenzake huko Cologne wakafanya jingine: waliwaua kwa dawa bakteria wa tumboni mwa samaki wa makamo, wa wiki tisa na nusu, kisha wakawatia katika maji yenye vijidudu kutoka matumbo ya samaki wa wiki sita, na wale wa makamo wakaishi muda mrefu kuliko wenzao wasiotendewa hivyo.

Kwa nini dimbwi limtengeneze kiumbe wa namna hii? Jawabu lilikuwa limeandikwa kabla samaki hajafika. Mwaka 1952 Peter Medawar wa London aliandika kwamba maumbile hayana nguvu juu ya maradhi yanayokuja baada ya muda ambao wengi wa kaumu wamekwisha kufa kwa sababu nyingine; jeni inayodhuru uzeeni haichujwi kama wazee hawapo. Katika dimbwi ambalo hukauka kwa miezi michache, hapana samaki aliyewahi kuuona mwezi wa kumi wa maisha yake, basi kasoro zote za mwezi wa kumi zimejilimbikiza bila mchujaji. Rai hiyo iliweza kujaribiwa Msumbiji na Zimbabwe, ambako madimbwi ya bara hukauka mapema na yale yaliyo karibu na pwani hudumu zaidi: samaki wa nchi ya ukame, hata wakilelewa katika tangi moja la maji yasiyokauka kamwe, walizeeka na kufa kabla ya wenzao wa nchi yenye mvua. Mwaka 2018 Martin Reichard na wenzake wa Brno, waliofanya kazi yao katika madimbwi ya Msumbiji, walieleza kwamba samaki wa porini huweza kutoka yaini na kufikia balehe kwa siku 14 tu.

Swali hilohilo lilikuwa likiulizwa juu ya wanadamu, na mahali lilipoulizwa si mbali na Hanang. Kando ya ziwa Eyasi, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadza, wakapima vyakula na jasho la kuvitafuta, wakaona kwamba akina bibi waliokwisha kukoma kuzaa huchimba viazi mwitu kwa bidii isiyopungua ya vijana, na kwamba mjukuu ambaye mama yake amejifungua upya hunenepa au hukonda kwa kadiri ya kazi ya bibi yake. Mwaka 1998 walidai kwamba hapo ndipo maisha marefu ya mwanadamu yalipotoka: bibi aliye hai humfaa mjukuu, na kwa hiyo maumbile yana sababu ya kuzichuja kasoro za miaka sitini. Samaki wa dimbwi hana bibi. Wapo wanaowabishia Hawkes na wenzake mpaka leo, lakini nikiyaweka matokeo hayo mawili pamoja, ya Eyasi na ya Gonarezhou, naona kwamba Medawar amepata mashahidi wawili ambao hawakujuana.

Mwaka 2015 jenomu ya samaki wa Furzer ilichapishwa na makundi mawili kwa pamoja, moja la Jena huko Ujerumani na moja la Stanford. Na Stanford ndiko lilikotoka jaribio la mwaka 2020 ambalo kwangu limepita mengine yote. Chi-Kuo Hu, Anne Brunet na wenzao hawakumchunguza samaki mzee, bali yai lililolala. Waliyaacha mayai katika usingizi kwa miezi, mengine kwa muda uliozidi umri mzima wa samaki akiwa hai majini, kisha wakayaamsha na kuwalea watoto. Ndani ya kiinitete kilicholala misuli haikunyauka ingawa haikutumika, na walitaja protini iitwayo CBX7 kuwa mmoja wa walinzi wake, kwa kuwa ilipokosekana misuli iliharibika. Watoto walipokua, wakapimwa kimo, uzazi na urefu wa maisha, wakalinganishwa na wale ambao mayai yao hayakulala hata siku moja. Hapakuonekana tofauti: miezi yote waliyolala haikuhesabiwa katika umri wao.